Ndoo Arobaini na Moja Nyuma ya Shangazi

Ndoo yenyewe ni ya bati, na ubavuni ina bonde. Siyo bonde dogo. Ukijaza maji mle, bata anaogelea na watoto wake. Nimeikuta juzi jikoni kwa shangazi Paskalina, nyuma ya magunia ya maharage, tulipokuwa tunatafuta vyombo vya kupikia watu wa msiba wake. Ndani alikuwa amehifadhi mbegu za mahindi. Nikaingiza pua: moshi, kutu, na majivu aliyochanganya na mbegu ili wadudu wasile. Nikachutama palepale. Tangu simu ya kifo iingie nilikuwa sijalia. Sasa nikalia, na katikati ya kulia nikagundua kwamba silii kwa huzuni. Nalia kwa hasira. Hasira ya miaka yote hiyo ilikuwa imekaa mle na mbegu, na mdudu hakuigusa.

Lile bonde lilipigwa na kiatu. Kiatu cha nani, nitasema. Sina haraka, nimesubiri muda mrefu.

Kwetu ni Mbulu vijijini, juu kule ambako ukungu huingia ndani bila kupiga hodi na kukaa mpaka saa nne kama mgeni asiyejua kuaga. Siku za baridi unaweza kumwamkia mtu shikamoo ikagandia njiani, marahaba ukaipata kesho yake. Chemchemi tulikuwa nayo moja, bondeni, na ilitoa maji kwa uchoyo, kikombe kwa kikombe. Ninyi mliokulia kwenye foleni za maji mnajua. Hakuna mwanamke aliyeweza kusimama pale tangu alfajiri mpaka zamu yake ifike, wakati nyumbani kuna ng'ombe wa kukamua na mtoto anayelia. Kwa hiyo kulikuwa na sheria. Unaweka ndoo yako kwenye mstari, unakwenda zako. Ndoo inasogezwa na wenzako kila mstari unaposogea. Mgeni akija akataka kuingia katikati, anaambiwa maneno matatu tu: "Hapo kuna mtu." Basi, anarudi nyuma. Sijawahi kuona sheria inayoheshimiwa namna ile. Amri kumi za Mungu watu walizivunja Jumatatu mpaka Jumamosi, lakini ndoo ya mtu hakuna aliyeiruka.

Kwa hiyo mimi, mtoto wa miaka tisa, nilikuwa na uhakika wa jambo moja duniani: ndoo ni mtu.

Mwenyekiti wetu wa kitongoji alikuwa Mzee Boay. Wakati huo hakuwa mzee, alikuwa jibaba la makamo lenye kiatu cheusi kinachong'aa, na ng'ombe wengi kuliko nyota. Ng'ombe hao walikunywa kwenye chemchemi yetu. Na ng'ombe, mnamjua, akishakunywa hashukuru kwa maneno. Anashukuru kwa mkojo. Wanawake walilalamika kwa mwenyekiti kuhusu ng'ombe wa mwenyekiti, na mwenyekiti akaahidi kuongea na mwenye ng'ombe.

Shangazi alikuwa dada wa baba, tumbo moja. Aliolewa upande wa Dongobesh, mume akafariki, akarudi akajenga nyumba yake ya udongo jirani na yetu. Mrefu, mkavu, na sauti ya kuita mtu kutoka kilima cha pili. Siku moja pale chemchemini, akiwa anaondoa samadi kwenye maji kwa kata ya kibuyu, akasema tu, kama mtu anayeongea na kibuyu chake:

"Mwezi ujao nagombea."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Unagombea nini, mama? Mume?"

"Mume nilikuwa naye, namjua. Nagombea kitongoji. Nikipata, kitu cha kwanza ni uzio hapa."

Aayo, ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu, akaacha kucheka kwanza. "Wifi, uchaguzi ni wa mstari. Tukisimama nyuma yako waume zetu si watatuona?"

"Watawaona. Kwani wanawaona leo mara ya kwanza? Mkisimama wote, mwanaume gani atapiga wake wa kijiji kizima? Mkono utamchoka." Akamwaga kile kibuyu cha uchafu pembeni. "Au mnywe hii."

Kwa wiki tatu zilizofuata sikusikia habari nyingine pale chemchemini. Walikubaliana mmoja mmoja, kwa kunong'ona, mpaka idadi ikawa kubwa kuliko ya wanaume, maana vijana wengi walikuwa wameshuka kutafuta vibarua Babati na Arusha. Nilisikia yote. Nilidhani uchaguzi ni foleni nyingine ya maji, ila hii ni ya shangazi.

Mpiga mbiu wa Boay alipita kutangaza: uchaguzi saa mbili asubuhi, uwanja wa shule. Wanawake walikamua ng'ombe gizani wakaja, na kila mmoja alikuja na ndoo yake, maana wakimaliza kura wangepitia maji. Saa mbili ikafika, mtendaji wa kata hayupo. Saa tatu, hayupo. Wanaume nao hawapo, hata mmoja. Wanawake wakacheka, "Boay hana mtu! Hata mbwa wake hajaja!" Saa tano shangazi akachoka kusubiri, akasema anakwenda kwa miguu ofisi ya kata kumtafuta huyo mtendaji. "Msitoke hapa," akasema.

Wangekaa. Mungu ni shahidi, wangekaa. Lakini saa sita ikafika, ndama hawajanyweshwa, watoto wa mgongoni wananyauka kwa njaa, na kila nyumba ina mwanaume anayesubiri chakula cha mchana. Mmoja akaweka ndoo yake kwenye mstari, akasema, "Narudi sasa hivi." Wa pili akaweka. Hakuna aliyeona kosa. Walifanya walichokuwa wanafanya kila siku ya maisha yao. Kila mmoja aliamini wenzake wamebaki, na wenzake walikuwa wanaamini hivyohivyo njiani. Aayo akaweka yake, ya bati, ya tano kutoka mbele.

"Nishikie nafasi," akaniambia. "Nikapike nirudi. Nikirudi nisikute imesogezwa."

Nikabaki mimi na ndoo arobaini na moja. Na bibi mmoja kiziwi, na mama mmoja mwenye mimba kubwa kiasi kwamba kwenda na kurudi kwake kungekuwa safari ya wiki. Nilikuwa askari. Nilizipanga ndoo zikanyooka, nikazungusha mishikio yote itazame upande mmoja. Ukungu ukashuka tena kutoka kwenye mikaratusi ya shule, mzito, ungeweza kuufunga kwenye gunia ukauze mnadani Katesh.

Kwenye saa nane hivi nikasikia pikipiki. Na hapohapo, kama vile pikipiki ilikuwa filimbi, wanaume wakatokea. Walitoka kwenye ukungu wawili wawili, wameoga, wameshiba, wengine wana harufu ya pombe ya mtama, wakajipanga upande wa Boay kwa muda ambao mtu anafunga kamba ya kiatu. Mtendaji akashuka. Nyuma ya pikipiki yake alikuja shangazi akihema, amekimbia njia nzima kwa sababu mheshimiwa hakuona haja ya kumpakia.

"Wagombea mbele. Tazameni mlima. Mgombea haruhusiwi kugeuka," akasema mtendaji. Ndivyo ilivyokuwa: mgombea anawapa watu mgongo, asijue nani kamkataa. Shangazi, kabla hajatazama mstari wake, akashikwa bega, akasimamishwa kwenye alama ya chaki, uso kwenye ukungu. Nilikuwa hatua chache nyuma yake. Bila kugeuza shingo, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, akaniuliza:

"Watu wapo?"

Nikatazama ndoo zangu. Zimenyooka, hakuna hata moja iliyosogezwa.

"Wapo, shangazi," nikasema. "Wote wapo."

Nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Mabega yale nimeyaona kila nilipofumba macho, mpaka leo.

Mtendaji akahesabu upande wa Boay: thelathini na nne. Akaja kwetu. Akamgusa bibi kiziwi, "Moja." Akamgusa yule mjamzito, "Mbili." Akanitazama, akanipita. Akasimama mbele ya ndoo.

"Hii nini?"

"Ni Mama Regina," nikasema.

"Na hii?"

"Mke wa fundi cherehani."

Kicheko kikaanza upande wa pili. Mimi nilidhani wanafurahi. Nikaendelea, nikitaja kwa sauti kama mwanafunzi anayejua jibu: "Huyu ni Mama Safari. Huyu ni bibi yake Safari. Huyu ni aayo." Wanaume wanashikana mabega wasianguke. Mtu mmoja akapiga kelele, "Muulize ipi imeolewa!" Na hapo Boay akaacha alama yake. Yeye aligeuka, na sheria haikumwambia kitu. Akaja na kile kiatu chake kinachong'aa, akaipiga teke ndoo ya mama yangu.

"Ndoo hazipigi kura, mtoto."

"Hapo kuna mtu!" nikapiga kelele. "Hapo kuna mtu!"

Nilipiga kelele ambayo nadhani hata wafu wa makaburini Masieda waligeuka upande. Ndoo ikabiringika kwenye nyasi zenye umande, ikapita mbele yangu, ikaenda ikagonga kisigino cha shangazi. Ndipo akageuka.

Hakunitazama mimi. Alizitazama ndoo, moja moja, mpaka ya mwisho, kama anayesalimia. Kisha akamwambia mtendaji, kwa heshima kabisa, "Mheshimiwa, hawa watu walikuwa hapa tangu saa mbili. Wamekwenda kulisha nyumba. Nusu saa tu, nawaita."

"Mama, uchaguzi haumsubiri mtu apike."

Hayo yalisemwa na mtu aliyechelewa saa sita. Naandika hapa nikiwa mtu mzima, na kalamu inataka kuvunjika mkononi. Saa sita! Mwanamke kuomba nusu saa, uchaguzi haungoji.

Walikuja wakikimbia waliposikia kelele zangu. Mwingine ana unga, mwingine ana mtoto kwapani, aayo ana masizi ya sufuria mpaka viwikoni. Walikuta mtendaji anaandika jina la Boay. Thelathini na nne kwa mbili. Kila mwanamke akachukua ndoo yake kimya, akaenda bondeni kuchota maji yenye mkojo. Shangazi aliiokota ile ya bati. "Wifi, hii nabaki nayo," akasema. Akampa aayo ya kwake.

Na baba? Baba yangu, kaka yake wa tumbo moja, alikuwa wa sita kwenye mstari wa Boay. Hakucheka. Miaka mingi nilimhesabia hilo kuwa wema.

Mimi sikumwambia mtu nilichojibu pale mbele. Nilikibeba. Niliacha shule darasa la saba nikiwa nacho, nikaolewa nacho, nikafungua kibanda cha chapati Mbulu mjini nacho, na utu uzima ukanikuta nacho nilipojiandikisha kidato cha kwanza shule ya jioni. Mnaotoka shule za mchana mnatucheka sisi wa jioni, lakini sisi tulisoma huku tunanuka vitunguu, na tulielewa. Siku moja mwalimu wa uraia, kijana wa umri wa mwanangu, akatoa swali: taja sababu zilizofanya wanawake wachelewe kushiriki katika siasa. Wenzangu wakaandika woga, wakaandika kutojiamini, wakaandika kutojitokeza, kama daftari lilivyosema. Mimi nikaandika neno moja: ndoo.

Nikapata sifuri kubwa, ya mviringo, ungeweza kuitumia kama ngata ya kubebea maji.

Woga! Kutojitokeza! Walijitokeza saa mbili asubuhi wakiwa wameshakamua ng'ombe! Nilibeba ile karatasi Jumamosi iliyofuata nikapanda basi mpaka kwa shangazi, nikamsomea. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha nikamwambia, hatimaye, nikiwa na wajukuu wawili: "Shangazi, siku ile uliniuliza kama watu wapo. Nikakudanganya."

"Hukunidanganya."

"Hawakuwepo, shangazi."

"Walikuwepo. Wewe ulinijibu kwa sheria yetu." Alikuwa anachambua maharage, hakuacha. "Wale wanaume kila mmoja alinywa maji ya ndoo iliyoshika nafasi. Sheria waliijua. Siku ile ndiyo waliisahau. Usiwabebee mzigo wao, una wako." Halafu akasema, "Lakini muulize mama yako, siku ile baba yako alivaa nini."

Nikamuuliza aayo. "Asubuhi alivaa za shamba," akasema. "Nikarudi mchana nikampikia ugali na mgagani. Akala, akanawa, akabadilisha. Akavaa shati la kanisani. Nikamuuliza, baba watoto, unakwenda wapi. Akasema anatembea tu kidogo." Akavuta shuka lake. "Walikuwa wameambiwa saa nane. Sisi tuliambiwa saa mbili. Alikaa pale, anakula ugali wangu, anajua."

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. Iliyopanda ni ya kwangu. Baba alishatangulia, na mimi nimemsamehe mambo mengi, pamoja na fimbo. Ule ugali sijaweza.

Shangazi hakugombea tena. Wiki ileile alichukua panga, wanawake wakamfuata, wakakata miiba wakazungushia chemchemi. Ng'ombe wa Boay wakabomoa. Wakajenga. Wakabomoa. Mara ya nne walichimba mtaro, na ng'ombe wa kwanza aliyevunjika mguu mle alikuwa fahali wa mwenyekiti, na tangu siku ile maji yakawa safi. Shangazi hakuwa na mhuri wala cheo. Miaka mingi baadaye bomba lilipokuja, utepe ulikatwa na nani? Mnajua.

Sasa nisikilizeni juu ya msiba. Mvua ilikuwa imepumzika, watu wamejaa, boda boda zimeegeshwa mpaka barabarani. Katekista akaita wa kutoa neno la wazee, na akasimama Boay. Sasa ni mzee kweli, fimbo, koti refu, macho yana ukungu. Watu wakanyamaza kwa heshima. Akasema marehemu alikuwa shujaa wa maendeleo. Akasema uzio wa chemchemi waliujenga pamoja. Kisha akainua mkono na kusema: "Tangu alipojitokeza kugombea, sisi wanaume wa kitongoji hiki sote tulisimama nyuma ya mama huyu."

Watu wakapiga makofi! Vijana, ambao hawakuwepo, walipiga makofi. Nilimtazama aayo. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, miguu imevimba, anatazama chini. Wale wanawake wa ndoo waliobaki, saba au wanane, wote walikuwa wanatazama chini. Damu ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanalia. Nilikuwa na hotuba kichwani, hotuba ya kuanzia Mbulu mpaka Jorodom bila koma. Lakini katekista hakuniita. Orodha ya wasemaji ilikuwa imejaa wanaume.

Tukaambiwa tupange mstari wa kumwona marehemu kwa mara ya mwisho.

Mstari ukaanza mlangoni, ukazunguka ua, ukapita zizi, ukatoka mpaka kwenye shamba la mahindi. Sijawahi kuona mstari kama ule kijijini kwetu. Wanaume kwa wanawake, vijana, wa chama hiki na chama kile, wote wamesimama nyuma ya shangazi Paskalina, na yeye, kama kawaida, hawaoni.

"Nishikie nafasi," aayo akaniambia. "Miguu imekataa. Ukifika karibu nitakuja."

Nikaingia jikoni. Nikamwaga mbegu kwenye ungo, nikatoka na ndoo ya bati. Nikaiweka kwenye mstari mbele yangu, bonde likitazama uani. Wale wanawake wazee waliiona. Mmoja akafunika mdomo kwa kanga. Mstari ukasogea, nikaisogeza. Ukasogea, nikaisogeza.

Tulipokaribia mlango, Boay akaja na fimbo yake. Mzee hapangi foleni, huingia anapopataka, na watu humpisha. Akaona nafasi mbele yangu, akainua mguu aingie.

"Shikamoo, aako," nikasema, kama mtoto anavyomwamkia babu.

"Marahaba, mjukuu."

"Hapo kuna mtu."

Akashusha macho. Akaiona ndoo, akaliona bonde. Sijui macho yake yanaona kiasi gani siku hizi, lakini alilitazama kwa muda mrefu. Hakuna aliyecheka.

Akaurudisha mguu wake. Akageuka, fimbo kwanza, akaanza kutembea kuufuata mwisho wa mstari, kupita ua, kupita zizi, kuelekea kwenye mahindi, na hakuna hata mmoja aliyempisha.

Aayo akainuka kwenye kiti. Akaja polepole, hakukimbia, safari hii hakukimbia. Akaniomba nishike ndoo, akasimama ilipokuwa.